Tupeane uzoefu: siku hesabu ilipoacha namba ikaanza herufi

Mvuja Jasho:
Wakuu, habari za jioni. Jana mwanangu wa kidato cha kwanza kaniwekea daftari mezani, pameandikwa −5 − (−3). Ananiuliza, "Baba, kwa nini jibu ni −2?" Nikajifanya simu inaita, nikatoka nje.

Nilipokaa barazani yakanirudia yote. Shule ya msingi nilikuwa naitwa Profesa. MAGAZIJUTO naimba hadi usingizini, KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika) natafuta kwa kichwa bila karatasi. Fomu wani, wiki ya pili, mwalimu kaingia, kachora x ubaoni, kaongea Kiingereza dakika arobaini, katoka. Kumbe ilikuwa ile ile "tafuta thamani ya y" niliyokuwa nakula vema zote darasa la saba. Mlinganyo ukaitwa ikwesheni, na mimi nikawa mbumbumbu kwa siku moja. Nani mwingine yalimkuta? Tiririkeni.

Kipanga wa Zamani:
Umenikumbusha mbali, mkuu. Kigawe kidogo cha shirika kilivyogeuka LCM nilidhani ni chama cha siasa.

Mama Wawili:
Mimi kilichoniua ni matunda. Mwalimu alisema a ni embe, b ni chungwa, kwa hiyo 3a + 2b haijumlishiki, maembe hayaongezwi na machungwa. Sawa, nikaelewa, nikafurahi. Wiki iliyofuata kaandika a × b. Nikanyoosha mkono, "Mwalimu, embe mara chungwa ni nini?" Darasa likacheka, nikatolewa nje. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba ile herufi haikuwa tunda hata siku moja. Ni namba ambayo hatujaijua bado. Angesema embe moja ni shilingi a, mbona ningemwelewa?

Jirani wa Kisumu:
Sisi huku Kenya hisabati ni Kiingereza toka madarasa ya chini na bado wengi tulilimwa. Msisingizie lugha. Halafu MAGAZIJUTO ndiyo nini? Sisi tulijua BODMAS.

Kipanga wa Zamani:
Ni wimbo wa kipi kinatangulia kwenye hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mdudu ni yule yule, ngozi tofauti. Na kama Kiingereza hakikukusaidia, si unatuunga mkono tu?

Mjuaji Mstaafu:
MAGAZIJUTO ni kanuni safi kuliko BODMAS, haina longolongo. Unafuata herufi kama zilivyo, basi.

Fundi Rula:
Hapo ndipo mlipopotezewa watoto. Mjuaji, nifanyie 10 − 3 + 2.

Mjuaji Mstaafu:
JU inatangulia TO. 3 + 2 ni 5. 10 − 5 ni 5. Swali la chekechea hili.

Fundi Rula:
Jibu ni 9. Una shilingi 10, umetumia 3, umeokota 2. Una ngapi mfukoni? Kujumlisha na kutoa ni wa rika moja, aliye kushoto anatangulia. Kugawanya na kuzidisha hali kadhalika. Wimbo haukusema hivyo, ukatuachia kilema.

Mjuaji Mstaafu:
Mimi nimefaulu darasa la saba kwa wimbo huo huo. Wewe ulifaulu kwa nini, kwa kuokota shilingi 2?

Jirani wa Kisumu:
😂😂 Na BODMAS ina ugonjwa huo huo, A (addition, kujumlisha) iko mbele ya S (subtraction, kutoa). Leo nimekubaliana na Mtanzania.

Mhitimu wa Kayumba:
Acheni kugombana, ngoja niwape yangu. Hii −5 − (−3) ya mleta mada imenitoa machozi.

2007, kidato cha kwanza, shule ya kata. Tulipewa jaribio la namba kamili, nikapata 4 kati ya 20. Mwalimu akatangaza: aliye chini ya 10, Jumatatu aje na mzazi. Baba yangu mimi? Mkanda wake ulikuwa na jina. Wikendi nzima sikula. Jumapili jioni nikamfuata kaka mmoja aliyekuwa anachoma mahindi pale kituoni, nikampa 1,000, nauli yangu ya wiki, aje awe mjomba. Akakubali, akaazima hadi shati.

Jumatatu tukakalishwa kwenye benchi ofisini. Mwalimu akaingia bila hata kutuangalia, akachomoa karatasi yangu kwenye rundo. "Mzee, mtoto wako hajui hata hili." Akaweka kidole kwenye −5 − (−3). Mimi nilikuwa nimeandika −8. Mjomba wangu wa kukodi akaitazama weee, mpaka jasho likaanza kunitoka. Akauliza, "Hiki kijistari cha mwanzo ni nini?" Mwalimu akasema ni hasi, yaani kama deni. "Na hiki cha katikati?" Kutoa. Mjomba akanigeukia: "Yaani mtu anadaiwa 5, halafu deni la 3 linaondolewa. Si anabaki anadaiwa 2? Hili tu ndilo limekushinda?"

Ofisi nzima kimya. Na mimi ndio nikaelewa pale pale, baada ya wiki tatu za kunakili ubaoni.

Sasa mwalimu ndio akainua uso kumtazama huyo mjomba vizuri. Naendelea, kuna mteja.

Kipanga wa Zamani:
Mnaoandika kwa vipande Mungu anawaona.

Mama Wawili:
Dada rudi, nimeacha mboga jikoni.

Ustaadh wa Wete:
Wakati tunamngoja, niseme neno. Hili jina aljebra limetokana na al-jabr, kwenye kitabu cha Al-Khwarizmi aliyekuwa Baghdad karne ya 9. Maana yake ni kuunga, kurudishia kilichopungua. Kwa Kiarabu hata muunga mifupa kazi yake huitwa hivyo. Kilichotolewa upande huu wa mlinganyo unakirudisha kwa kukiongeza pande zote mbili. Sisi shuleni tuliambiwa tu "ikivuka inabadili alama", kama vile kuna askari pale kwenye alama ya sawasawa.

Mjuaji Mstaafu:
Ustaadh, darsa lako zuri lakini sisi tunataka mahindi.

Mhitimu wa Kayumba:
Nimerudi. Mwalimu akasema, "Wewe si yule wa kituoni?" Kaka akajibu kwa adabu zote, "Ndiyo mwalimu, shikamoo. Na mimi nilikuwa nangoja umalize la mtoto nikukumbushe yale mahindi 7." Kumbe mwalimu alikuwa anakopa! Hindi moja 100. Walimu wenzake walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mwalimu akajipapasa, akatoa 500. Kaka akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante. Imebaki hasi 200."

Mimi nilikula viboko na baba aliitwa kweli. Lakini namba hasi hazijanisumbua tena.

Fundi Rula:
Hii ni chai.

Mhitimu wa Kayumba:
Weka sukari unywe.

Kipanga wa Zamani:
Chai au si chai, huyo kaka wa mahindi apewe kipindi. Ila mbona hasi mara hasi inakuwa chanya? Deni ukilizidisha kwa deni unapataje hela? Hilo nilikariri mpaka leo.

Fundi Rula:
Shuka ngazi: 2 × −3 ni −6. 1 × −3 ni −3. 0 × −3 ni 0. Kila hatua inaongezeka 3. Sasa shuka nyingine, −1 × −3, utaambulia nini? 3.

Mama Wawili:
Au uondolewe madeni mawili ya 3,000. Si una nafuu ya 6,000? Wanavikoba tunalijua hilo.

Mjuaji Mstaafu:
Mleta mada, mpeleke mtoto tuisheni mapema.

Jirani wa Kisumu:
Tuisheni ni kumaliza pesa. Mwache dukani mwezi mmoja arudishe chenji.

Mama Wawili:
Mimi wangu nilimweka dukani. Hesabu hajui na duka limefilisika.

Mvuja Jasho:
Nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Nimemweleza mtoto ile ya deni, kaelewa mara moja! Sasa kaleta nyingine, nisaidieni haraka: 3(x − 2) = 2x + 5.

Mjuaji Mstaafu:
Rahisi. 3x − 2 = 2x + 5. Hamisha. x = 7.

Mhitimu wa Kayumba:
Mjuaji jamani! Ile 3 inagusa wote waliomo kwenye mabano. Ukipeleka soda chumbani kwa wageni wawili, unampa mmoja tu? 3x − 6 = 2x + 5, x = 11. Rudisha ujionee: 3 mara 9 ni 27, na 22 ongeza 5 ni 27. Ya kwako, upande mmoja 15, mwingine 19.

Mjuaji Mstaafu:
Sikuvaa miwani.

Mvuja Jasho:
Mtoto keshalala. Na mimi nimeshamwandikia 7, tena kwa kalamu ya wino.