Manowari gani na skeli ipi kwa anayeanza?

Wakuu habari, nimeshaunga ndege kadhaa za plastiki sasa nataka nijaribu manowari. Roho yangu iko kwa Bismarck, ile manowari ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ila nashindwa kuchagua skeli, 1/350 (yaani ndogo mara 350 kuliko meli ya kweli) au 1/700?

nahodha_gundi: Pima kabati kwanza mkuu. Bismarck ya kweli ilikuwa mita 251, kwa 1/350 inakuja kama sentimita 72, kwa 1/700 ni 36 tu. Mi ya kwangu ilikaa juu ya friji miezi mitatu, mke akachoka 😂

mzeewabrashi: Watu wanadhani ndogo ndo rahisi, sio kweli. Kwenye 1/700 vile vizinga vya kutungulia ndege unavishika kwa kibanio, ukikaza kidogo tu kinaruka, hukioni tena, na reli za shaba (vile vizuizi vyembamba vya pembeni mwa sitaha) usiseme, gundi ikizidi tone moja umeharibu. Mi ningekuambia anza na Fletcher, aina ya manowari ndogo za Marekani (destroyer), kwa 1/350, ni sentimita 33 hivi, ina mizinga mikubwa mitano tu na zilijengwa 175 kwa hiyo rangi za kuchagua zipo nyingi.

muuliza: Mzee umenishawishi nusu, ila ile michirizi nyeusi na nyeupe ya Bismarck ndo naipenda

mzeewabrashi: Haya basi, ila ujue waliifuta kwa rangi Mei 1941 kabla haijaingia Atlantiki. Chagua kwanza unataka ionekane ilivyokuwa siku gani, ndo ununue rangi.