Injini ndogo ya turbo inakula oili, nianzie wapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina gari dogo la Ulaya, injini ya cc 1400 yenye turbo, imetembea kilomita 92,000 tu. Sasa inakula lita 1 ya oili kila kilomita 1,000, na chini hakuna hata tone. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu, halafu unapotea. Nimefungua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo, ndani limelowa oili. Fundi wa kwanza anasema ringi za pistoni zimeganda, tushushe injini. Wa pili anasema sili za turbo (mipira inayozuia oili isivuje) ndizo mbovu. Hakuna aliyepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) wala kugusa vavu ya kupumulia injini, ile inayotoa mvuke wa oili ndani ya injini! Aliyeniuzia alikuwa anabadilisha oili kila kilomita 15,000, nahisi ndiyo chanzo. Nipime nini kwanza kabla sijachoma hela?