Gari ya umeme inapoza betri bila kuambiwa, naizimaje?

Mwana wa Kimara: Wakuu, nina gari ya umeme, mtumba. Nikiweka kwenye ramani chaja ya Mwenge, nikinasa foleni Ubungo feni ya mbele inaunguruma yenyewe, asilimia zinashuka na gari imesimama. Kiyoyozi nimezima! Usiku nikichomeka, pampu ya maji ya kupozea betri inawaka, LUKU inakwisha. Naizimaje kabisa?

Tembo wa Tegeta: Uza, chukua IST.

Fundi Waya: Usiizime mkuu. Programu hiyo inatabiri: inasoma njia na joto, inajua unaenda kuchaji, inaipoza betri mapema. Betri ya lithiamu inapenda nyuzi 20 hadi 35 hivi. Ukifika chaja ya haraka betri ikiwa imechemka, kompyuta inabana umeme, unakesha pale. Ulaya wakati wa baridi, programu hiyohiyo ndiyo inaipasha.

Mama Nasra: Mimi nina bajaji ya umeme. Mchana wa Februari ikitoka Kariakoo haipokei chaji mpaka ipoe. Dereva anaiegesha chini ya mwarobaini, abiria wanapita tu. Hasara yangu nani ananilipa?

Fundi Waya: Pole dada. Mwana wa Kimara, mbona unataka kuizima kabisa? Nani kakushauri?

Mwana wa Kimara: Kuna fundi nimeshampa advansi. Kesho anakata waya wa pampu na kuidanganya kompyuta isione joto. Kazi anaijua, na LUKU nanunua mimi.

Ustaadh Mbagala: Umeshalipa ndiyo unaomba ushauri? Unatafuta wa kukuitikia amina.

Fundi Waya: Isione joto?! Hicho kihisi cha joto ndicho kinachozuia chaja isiipike betri. Watoto wanapanda humo!

Jicho la Tatu: Hii chai. Mtumba wa umeme ninaoujua mimi ni Nissan Leaf ya zamani, na betri yake haina maji, inapoa kwa hewa. Anakata pampu gani? Leta picha.

Tembo wa Tegeta: Chai ya maziwa kabisa. Nilishangaa.

Mwana wa Kimara: Nani kasema Leaf? Nimefungua boneti sasa hivi, bomba la maji linashuka mpaka kwenye betri.

Jicho la Tatu: Picha.

Fundi Waya: Chai au si chai, mpigie huyo fundi usiku huu, asiguse kihisi. Kama unaona inakula sana njiani, usiiweke chaja kwenye ramani, gari nyingi haziipozi mapema bila hiyo. Ya usiku iache.

Mwana wa Kimara: Na advansi yangu?

Jicho la Tatu: Picha kwanza.