Mmeiharibu Othello kwa kutaka kutuonyesha kila kitu

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitazificha. Kuna sheria imeingia kwenye warsha zetu za uandishi wa filamu na sasa inasomwa kama aya ya msahafu: "Onyesha, usisimulie." Nimehudhuria warsha ya namna hiyo. Mkufunzi akatuambia kwamba tamthiliya za zamani zina maneno mengi mno, na kwamba kazi ya mwandishi wa filamu ni kufyeka hotuba na kuweka picha mahali pake. Mfano aliotuletea? Othello ya Shakespeare. Kati ya tamthiliya zote duniani akachagua hiyo, na watu wakainamisha vichwa wakaandika kwenye madaftari!

Haya, tuichukue hiyo hiyo Othello.

Othello, jemadari mweusi wa jeshi la Venice, anampataje mkewe Desdemona? Kwa kusimulia. Baba wa binti, Brabantio, anamshtaki mbele ya wakuu wa Venice kwamba amemroga mwanawe. Othello anajibu kwamba uchawi wake ni simulizi tu: vita alivyopigana, alivyotekwa akauzwa utumwani, nchi za watu wanaokula watu. Binti alikuwa akimaliza kazi za nyumbani upesi upesi ili arudi kusikiliza. Mtawala wa Venice akishasikia hayo anakiri kwamba hata binti yake yeye angetekwa na hadithi kama hiyo. Hatuonyeshwi vita hata kimoja. Wala hatuvihitaji.

Na anaangamizwaje? Kwa masikio hayo hayo. Iago, askari wake anayemchukia kisirisiri, anataka aamini kwamba Desdemona anazini na Cassio, msaidizi wake, lakini hana ushahidi wowote wa kweli. Anajifanya anasita. Anauliza swali nusu, anarudia neno la mwenzake kana kwamba limemshtua, kisha ananyamaza. Baadaye anadai alilala karibu na Cassio, akamsikia akiweweseka na kumtaja Desdemona. Ndoto ya mtu mwingine, iliyosimuliwa na mwongo! Othello akidai ajionee kwa macho yake, Iago anamwambia jambo hilo haliwezekani kuonekana, halafu anaendelea kumjaza maneno mpaka mwanamume mzima anauona uzinzi usiokuwepo. Kila mtaa una ndoa iliyovunjika namna hii bila mtu yeyote kufumaniwa. Ndiyo maana tamthiliya ya mwanzoni mwa karne ya 17 bado inatuchoma.

Sasa tazameni filamu ya mwaka 1995 iliyoongozwa na Oliver Parker. Othello ni Laurence Fishburne, mwigizaji mzito ambaye alistahili filamu bora kuliko ile. Parker anafanya nini? Anachukua wivu unaochemka kichwani mwa Othello na kutupigia sinema yake: Desdemona na Cassio kitandani. Unatuonyesha nini, bwana? Kitu ambacho hakikutokea! Nguvu yote ya Iago ni kwamba hakuna cha kuona. Ukishaweka picha, mtazamaji anaacha kumsikiliza mfitini, na fitina ndiyo tamthiliya yenyewe. Kinachobaki ni mume mwenye mawazo machafu, na waume hao wamejaa kwenye filamu nyingine, hatukuhitaji Shakespeare kutuletea mwingine.

Ugonjwa huu haukuanza kwa Parker. Mmarekani Orson Welles, katika filamu yake ya Othello iliyoshinda tamasha la Cannes mwaka 1952, anaanza na mazishi: maiti zinabebwa, Iago anapandishwa juu ndani ya kizimba cha chuma. Picha kali, nakubali. Lakini ametubania tamthiliya ya karibu saa tatu ikawa kama saa moja na nusu, na yeye, Mzungu, akajipaka rangi ili awe Othello. Mwingereza Laurence Olivier naye, katika filamu ya mwaka 1965, alijipaka weusi mwili mzima. Maneno mengi aliyabakiza, simnyimi haki yake, ila unayasikilizaje wakati macho yako yamelazimishwa kumtazama Mzungu akiigiza anavyodhani mtu mweusi hutembea na kutumbua macho? Kwa kazi hiyo akateuliwa kuwania Oscar.

Mnasema ni enzi zile? Mwaka 1981 BBC ilipoirekodi Othello, mpango wa awali ulikuwa kumpa James Earl Jones, mwigizaji mweusi. Chama cha waigizaji cha Uingereza kikapinga kuletwa mwigizaji Mmarekani. Mwongozaji Jonathan Miller akamchukua Anthony Hopkins, Mzungu, akatetea kwamba tamthiliya hii inahusu wivu, haihusu rangi. Kama haihusu rangi, kwa nini mlimpaka?

Linalonikera kuliko yote ni yaliyompata Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani. Mwaka 1943 alipanda jukwaani Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, kama Othello, na onyesho lile likarudiwa mara 296, rekodi ya Shakespeare pale Broadway. Sauti ile! Nani aliifanya filamu? Hakuna. Tumeachiwa sauti kwenye santuri tu, na ukiisikiliza huulizi picha iko wapi. Miaka michache baadaye Marekani ikamnyang'anya hata pasipoti, kuanzia 1950 hadi 1958. Halafu mtu anakuja kuniambia kipimo cha Othello kwenye filamu ni Olivier.

Wala msinijibu kwamba nachukia filamu. Mhindi Vishal Bhardwaj aliigeuza Othello kuwa filamu, Omkara, mwaka 2006. Akaihamishia Uttar Pradesh, jimbo la India, kwenye magenge ya wanasiasa, Othello wake akawa mtoto wa mama wa tabaka la chini, leso ya Desdemona, ambayo Iago anaitumia kama ushahidi wa uongo, ikawa kamarband, yaani mkanda wa kiunoni, ya dhahabu, na watu wanaongea lugha ya kule kule, yenye matusi na yenye utamu. Hakuyaogopa maneno. Alikwenda kutafuta mengine yenye uzito ule ule. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi, na ni ngumu, ndiyo sababu mnaikwepa kwa kisingizio cha picha.

Eti mtazamaji wetu havumilii hotuba. Yupi huyo? Yule anayekaa usiku kucha kwenye taarab akingoja fumbo moja limpige jirani yake? Mwalimu Nyerere mwaka 1963 alikuwa na nchi changa ya kuendesha, na bado aliitafsiri Julius Caesar, pamoja na Antonio anayeugeuza umati mzima kwa mdomo wake. Hakuona ni maneno mengi.

Naogopa kesho watahamia kwa tamthiliya zetu. Mwisho wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, na wanachotaka kwake ni kauli moja tu: aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu kuna neno limekwisha zaliwa na watoto watalirithisha kwa watoto wao. Tukio zima ni mtu anayekataa kutamka sentensi moja. Wakufunzi wa "onyesha, usisimulie", niambieni hapo mtakata nini na mtaweka picha gani. Nasubiri majibu, na msinijibu kwa moto na bunduki.