Mashine ya boti inachemka baada ya kunyonya mchanga, naomba ushauri

Wakuu, mashine ni HP 40, stroki mbili. Ilinyonya mchanga Kunduchi maji yakiwa yamekupwa. Kwenye sailensa (ikiunguruma polepole bila kuvuta mafuta) inakojoa vizuri, yaani inatoa maji ya kupoza, ila ukivuta mafuta dakika tano inachemka, mkojo unageuka mvuke.

Impela (feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza) ni mpya. Ya zamani ilikuwa imelika mapanga. Kikombe chake na bamba la chini havijabadilishwa, na vina mikwaruzo inayoshika ukucha. Thamostati (vali inayodhibiti maji kulingana na joto) imetolewa, bado inachemka. Bomba la maji limepulizwa kwa kompresa, liko wazi.

Je, mikwaruzo hiyo yaweza kuua presha ya maji kiasi hiki? Au mchanga umeganda na chumvi kuzunguka silinda, nifungue kifuniko na kuweka gasketi mpya? Kuna wanaosema niizungushie siki kwenye pipa, lakini siki inayeyusha chumvi, siyo mchanga.