Mabaki ya chakula bwaloni au miti: tuanze na lipi?

Swali: Habari zenu, wanajukwaa. Kikundi chetu cha wanafunzi kimeruhusiwa kuendesha mradi mmoja wa mazingira chuoni mwaka huu, nasi tunasita kati ya kupanda miti na kushughulikia mabaki ya chakula yanayotupwa bwaloni kila siku. Mngetushauri nini?

Jibu: Anzeni na mabaki. Yakifukiwa jaani pasipo hewa huoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto angahewa takriban mara 28 zaidi ya uzito uleule wa kaboni dioksidi, ilhali yakigeuzwa mboji yatarutubisha bustani za chuo. Pimeni kwanza kwa mizani, wiki mbili mfululizo. Bila takwimu za mwanzo hamtaweza kuonyesha mlichobadilisha.

Jibu: Naunga mkono. Washirikisheni wapishi tangu siku ya kwanza, maana wao ndio wanaojua ni chakula gani hubaki. Ulizeni pia kama chuo kimetia saini Azimio la Talloires la mwaka 1990, linalowataka wakuu wa vyuo vikuu kuzingatia mazingira katika ufundishaji, utafiti na uendeshaji. Kwa maoni yangu, hiyo ni hoja nzito ya kuombea fedha.

Muulizaji: Nashukuru sana. Mizani tutaazima maabara.