Nani Atachukua Jumanne Asubuhi?

*Majirani wa Langa Langa, Nakuru*

ALHAMISI

19:42 Mama Imani: Majirani hamjambo. Leo kwenye chama tumeonelea mwezi ujao twende tukawaone wale watoto wa nyumba ya kulelea watoto ya huku chini. Keki, soda, nguo. Kila nyumba itoe shilingi 500. Mnaonaje?

19:44 Baba Tom: Jambo jema sana. Mimi nihesabuni.

19:46 Wa Dukani: Soda kreti 2 ni zangu.

19:50 Mama Imani: 📷 Huyu alinishika kidole siku ile nilipopeleka maziwa, akakataa kuniachia 😭

19:53 Shangazi: Mama Imani mwanangu, futa hiyo picha tafadhali. Najua umeituma kwa upendo. Lakini huyo ni mtoto wa watu, na ukoo wake uko papa hapa kaunti ya Nakuru. Kesho picha itakuwa imezunguka vikundi kumi. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha ya kila mtoto, mwenye wazazi na asiye nao. Hata majina yao tusiyaandike humu.

19:55 *Ujumbe huu umefutwa*

19:55 Mama Imani: Nimefuta. Niwie radhi Shangazi, sikuwaza hivyo.

19:56 Shangazi: Yamekwisha mama.

20:09 Shangazi: Sasa niseme la moyoni, maana huu ni mwaka wangu wa 6 kwenda pale. Keki mkileta hamjakosea, wapo 5 watakaoifurahia. Lakini watoto ni 14, na 9 hawawezi kujilisha. Wale wenye mtindio wa ubongo keki haiwafai: inavunjika mdomoni, chembe zinapita njia ya hewa. Chakula kikiingia mapafuni kinaleta nimonia, na nimonia ndiyo iliyotunyang'anya mmoja mwaka juzi. Bado naiona fulana yake ya njano kwenye kamba.
Asubuhi walezi ni 2. Kikombe kimoja cha uji kwa mtoto mmoja ni dakika 40. Pigeni hesabu. Wa mwisho anapata uji karibu saa nne, umeshapoa, na yeye yuko macho tangu saa kumi na mbili.

20:12 Shangazi: Kinachopungua ni mikono. Tena mikono ile ile, kila wiki. Jumanne kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi hakuna mtu tangu mwenzangu ahamie Molo. Nani atachukua Jumanne?

20:31 Baba Tom: Shangazi, kwani lazima awe mtu mmoja? Tukipokezana si kila mtu atapata nafasi?

20:36 Shangazi: Baba Tom, wengi wao hawasemi. Lazima uwasome polepole. Yuko anayekunja kidole gumba ndani ya ngumi akitaka maji. Mwingine akinyamaza ghafla ujue degedege liko karibu. Ilinichukua miezi kuyajua hayo. Halafu hawa wameshaachwa mara moja. Mgeni akija akambeba mtoto, akamwimbia, asionekane tena, yuko anayelala wiki nzima akitazama mlango. Nimekaa naye kitandani nikaona.

20:40 Baba Tom: Nimekuelewa. Ila kifafa kinanitisha, nikiwa peke yangu naye?

20:43 Muuguzi Plot 7: Hutaachwa peke yako mwanzoni. Kikimshika: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usimshikilie kwa nguvu. Usimtie kijiko mdomoni, hiyo ya kijiko imevunja meno ya wengi. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Na dawa yake isirukwe hata siku moja.

20:44 Baba Tom: Mimi nilikuwa najua kijiko. Asante dada.

20:51 Mwalimu: Lakini si serikali inataka watoto watoke kwenye hizi nyumba, warudi kwa jamaa? Nakumbuka ule mkakati wa 2022 hadi 2032.

20:59 Shangazi: Kweli Mwalimu, na naunga mkono. Mtoto mahali pake ni kwa watu wake, au kwa familia itakayomlea kama wake. Wawili wetu wako kwa nyanya yao Subukia sasa, na wamenenepa! Lakini mwenye mrija wa kutoa maji kichwani, au wa dawa za kila siku, ndiye anayebaki nyuma. Jamaa hawamchukii, wanaogopa nauli ya kliniki na usiku wa kwanza wa degedege. Huyo nyanya tulikaa naye jikoni Jumamosi 4 akijifunza kulisha na kupima dawa kwa bomba la sindano, ndipo akasema sasa naweza.

21:20 Mama Imani: Shangazi nipe Jumanne.

IJUMAA

22:17 Shangazi: Nani ana gari karibu??? Yule mdogo wa mrija. Ametapika mara 3, analala tu, macho yanatazama chini hayapandi

22:18 Wa Dukani: Natoa gari sasa hivi. Geti gani?

22:18 Shangazi: La nyuma. Msimamizi yuko hapa na faili lake

22:20 Muuguzi Plot 7: Msingoje asubuhi. Mrija unayatoa maji ya kichwani kuyapeleka tumboni, ukiziba ubongo unabanwa. Mkifika semeni neno la kwanza "ana mrija kichwani". Msimpe chakula. Mlaze ubavu, kichwa kiinuke kidogo.

22:49 Shangazi: Tumefika hospitali ya rufaa. Amepokelewa.

23:30 Mama Imani: Mliligunduaje?

23:41 Shangazi: Mlezi mgeni alidhani malaria. Mimi nilipitia tu kurudisha sufuria. Huyu kila akisikia funguo zangu huguna, kama anaimba. Leo nilizitikisa mara mbili, kimya.

23:42 Mwalimu: Tunaomba.

JUMAMOSI

06:15 Shangazi: Picha ya kichwa imeonyesha mrija umeziba. Anapelekwa hospitali ya Kijabe, kule alikowekewa mrija. Ambulensi iko Gilgil sasa. Naenda naye.

06:22 Mama Imani: Chama kimekubaliana usiku huu. Zile 500 ziende kwa nauli yenu, nepi na unga wa uji. Zipitie kwa msimamizi, na risiti iandikwe.

16:50 Shangazi: Ametoka chumba cha upasuaji. Anapumua mwenyewe.

16:50 Baba Tom: 🙏🏾🙏🏾🙏🏾

JUMANNE

10:34 Mama Imani: Nimetoka sasa. Kikombe kimoja, dakika 55. Walezi walinionyesha: aketi wima, kidevu kiiname kidogo, kichwa kisilale nyuma, kijiko kidogo, nisubiri ameze kabla ya kingine. Nusu kikombe cha kwanza kilirudi chote kwenye kanga yangu. Baadaye tukaelewana. Akimaliza nikakaa naye wima nusu saa, akalala begani. Nimerudi nyumbani na mkono umekufa ganzi na sitaki kuuosha.

10:41 Shangazi: Pole na hongera mama. Wiki ijayo mkalishe upande wa dirisha, hula vizuri akiona mti wa maparachichi. Na uje na shuka kuukuu, ulikunje umwekee nyuma ya shingo.

10:42 Mama Imani: Sawa Shangazi. Mdogo wetu wa Kijabe?

10:58 Shangazi: Ameguna.